Kikundi cha Fizi Kitafika Saa Ngapi?

Papa Nicolas alikuwa mtu mwenye cheti. Si cha shule. Kile cha shule, ambacho mwenyewe alisema alikipata Uvira, kiliungua vitani. Vita viliunguza diploma nyingi sana pale Baraka, hata zile ambazo hazikuwahi kuchapishwa. Cheti tunachokisema hapa ni cha semina ya wazazi, na kilitundikwa sebuleni juu ya redio, ndani ya fremu iliyokuwa na picha yake ya harusi. Picha ya harusi ilihamia sandukuni. Mkewe, Mama Dorothée, aliuliza mara moja tu, akajibiwa kwamba harusi kila mtu anayo.

Ulikuwa mwaka wa 2020. Korona ilikuwa imefunga shule nchi nzima, na watu wa Baraka walishangaa kidogo kusikia Kinshasa inalia, kwa sababu shule za huku zilishazoea kufungwa bila kuugua. Huko juu milimani watu walipigana, kwenye njia ya Fizi kulikuwa na vizuizi vya wenye bunduki, na kila baada ya miezi michache ilifika asubuhi moja ambapo mji mzima ulijitwika magodoro na kukimbilia ziwani. Basi shirika moja la misaada likaja na mradi wa kufundisha watoto kwa simu. Kila mtoto wa darasa la sita katika shule zilizochaguliwa alipewa simu yenye kibandiko mgongoni: picha ya mtoto anayecheka na maneno "Simu hii ni ya mwanafunzi." Wazazi nao walipewa semina, soda na cheti.

Semina ilifundisha mambo ya maana, tusiwaonee. Mtoto atafutiwe mahali penye utulivu. Mzazi awe karibu naye. Aongee na mwalimu mara kwa mara. Asimfanyie mtoto kazi yake. Papa Nicolas, kama mwenyekiti wa komite ya wazazi, aliketi mstari wa mbele, akaandika yote, na aliporudi nyumbani akayatekeleza yote isipokuwa yale yaliyomhusu mtoto.

Utulivu ulipatikana sebuleni. Alifukuza kuku, akamfukuza mama yake mzazi, Koko Anastasie, aliyependa kumenyea mihogo pale, na akamkataza Dorothée kumpitisha mtoto mchanga mlangoni. Kisha yeye mwenyewe akakalia kiti chenye mto. Merveille, binti yake, mwenye masomo, akapewa mkeka karibu na mlango, mahali ambapo angeweza kuisikia simu lakini si kuiona. Kuhusu kuwa karibu, simu haikutoka mfuko wa shati la Papa Nicolas tangu siku iliyofika, na yule mtoto wa kibandiko alichungulia pale kifuani akicheka na kila mpita njia. Watu walipouliza, Papa Nicolas alisema ni simu ya kazi.

Mwalimu Fabien, aliyefundisha darasa hilo, aliishi nyuma ya uzio wao wa matete. Alipokohoa, Merveille alimsikia. Alipokuwa akirekodi somo uani kwake, Merveille alilisikia lote huku akiosha vyombo, halafu akangoja hadi jioni lifike kwenye simu, kwa kuwa mtandao ulikuwa na safari zake. Siku moja aliomba ruhusa avuke tu akaulize jambo.

"Hapana," baba alikataa. "Masomo ni ya à distance, ya mbali. We unataka kuharibu mradi?"

Mwalimu naye alikuwa na msimamo uleule. Mradi ulihesabu majibu yaliyopita kwenye simu tu. Karatasi iliyopita kwenye matete, hata ingekuwa sahihi namna gani, mradi haukuiona.

Mazoezi yalikuwa manne kwa mwezi. La kwanza Papa Nicolas alilijibu mwenyewe, kwa kuwa vidole vya mtoto vingeweza kuharibu kioo. Yakarudi maksi mbili juu ya kumi. La pili alilijibu kwa ghadhabu, akapata tatu.

"Merveille!" alifoka. "Tatu juu ya kumi! Unanipatisha haya mbele ya bazazi benzangu!"

"Baba, ni we uliandika."

"Juu we haukunisaidia!"

Merveille hakucheka, maana maksi zile ziliandikwa kwa jina lake. Mwalimu alikuwa ametangaza kwamba mwanafunzi asiyefikisha nusu mwisho wa mwezi hataandikishwa kwa mtihani wa taifa. Msichana huyu alishapoteza mwaka mmoja, walipokimbia wakakaa Kazimia hadi mtihani ukapita bila yeye. Ukoo uliketi na kuamua kwamba mwaka huu ukipotea tena, aende Lulimba kwa shangazi yake Félicité, anayepikia wachimba dhahabu. Merveille hakuwa na ugomvi na shangazi. Lakini aliwajua wasichana waliokwenda kusaidia Lulimba, na alijua walivyorudi, wale waliorudi. Aliogopa, na hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba anaogopa, kwa sababu nyumbani kwao hofu ilikuwa mali ya watu wazima. Akapiga hesabu yake kimyakimya pale mkekani. Yamebaki mazoezi mawili. Akiyafanya yeye, anapona. Akiyafanya baba, ni Lulimba.

Zoezi la tatu lilifika asubuhi, mapema kuliko kawaida.

Hapa lazima tumtetee mwalimu Fabien. Katika kitabu chake cha zamani hesabu hii ilikuwa ya treni mbili, na Baraka hakuna mtoto aliyewahi kuona hata moja. Watu wa mradi walikuwa wamemwelekeza kwamba mifano itoke katika maisha ya mtoto, tena kwa lugha ambayo hata mzazi ataifuata. Mwalimu alijiuliza watoto hawa wameona nini kikisafiri maishani mwao. Wameona watu wakitembea kwa makundi. Basi akaandika hivi: "Zoezi la tatu. Hesabu. Kikundi cha watu 240 kinaondoka Fizi saa kumi na mbili asubuhi, kinashuka Baraka. Kinatembea kilometa 4 kwa saa. Njiani kinapumzika saa moja. Ikiwa njia ina kilometa 36, kitafika Baraka saa ngapi?"

Papa Nicolas aliisoma kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la serikali. Merveille akaandika haraka kwenye daftari lake, akachora mstari, akagawanya, akajumlisha.

"Baba, nimepata."

"Nyamaza. Niko nafikiri."

Alifikiri kwa kalamu na karatasi. Kwanza alizidisha watu kwa kilometa, akapata umati wa kutisha. Kisha akaona atoe saa ya mapumziko kwenye watu, halafu agawe kwa zile kilometa nne. Jibu likawa kwamba kikundi kitafika Baraka saa sitini kasoro robo, saa ambayo hata yeye hakuwahi kuiona kwenye ukuta wa mtu. Jasho likamtoka. Merveille alikuwa amekwisha kugeuza daftari ili baba alione, kwa adabu, bila kusema neno. Baba akatazama dari.

Kumwuliza mtoto kulikuwa ni kujivua nguo. Kumwuliza mwalimu kulikuwa vibaya zaidi, maana mwalimu angejua nani amekuwa akijibu. Akamkumbuka Bienfait, shemasi wa kanisa na mweka hazina wa komite, mtu aliyesoma kweli na ambaye diploma yake haikuungua. Ila Bienfait naye asijue kwamba mwenyekiti ameshindwa na hesabu ya darasa la sita. Papa Nicolas akaunakili ujumbe wa mwalimu, akafuta yale maneno ya mwanzo, "Zoezi la tatu. Hesabu," na mahali pake akaandika kwa ustadi: "Ndugu yangu, hii nimeipata sasa hivi. Wewe unaona watafika saa ngapi? Nijibu haraka, na ibaki siri." Akatuma. Alijisikia mwerevu sana, akaenda kwa kinyozi kunyoa ndevu huku akisubiri jibu.

Bienfait alikuwa kanisani akipanga viti. Alisoma ujumbe akiwa amesimama, kisha akakaa chini kuusoma tena. Mwenyekiti Nicolas ana watu wake wa kumpa habari, hilo lilijulikana. Mwenyewe ndiye aliyelisema kila mahali. Na amesema ibaki siri. Pale Baraka ukitaka neno litembee polepole, litangaze sokoni. Ukitaka lifike kila nyumba kabla uji haujapoa, sema ni siri. Bienfait aliutuma kwa watu wa kuaminika tu, yaani kwa kwaya, kwa mashemasi wenzake, kwa wakwe zake na kwa akina mama wanaouza ndagala, wale dagaa wa ziwani.

Kila mmoja aliutengeneza kidogo, kwa nia njema. Mtu mmoja wa kwaya aliona ajabu watu washuke kutoka Fizi alfajiri mikono mitupu, akaongeza "wenye silaha." Mkwe mmoja aliona mia mbili na arobaini ni wachache mno kuutisha mji mkubwa kama Baraka, akaongeza sifuri moja mwishoni. Mama mmoja wa ndagala, asiyependa kuandika, aliurekodi kwa sauti huku akihema, na alihema vizuri mno. Ile sauti ndiyo iliyoenea.

Ikamfikia na Papa Nicolas, povu likiwa kwenye shavu moja. "Bandugu, batu elfu mbili na mia ine banashuka toka Fizi, na bunduki! Beko mu njia! Tuombeane!" Kama moyo wake ulimnong'oneza kwamba habari hii inafanana na kitu fulani, basi ulinong'ona kidogo sana, akaupuuza. Alikimbia hadi nyumbani na ndevu nusu.

"Funga bintu! Banashuka!"

Dorothée alikuwa anasonga bugali, mtoto mgongoni. Hakuacha kusonga. "Nani amesema?"

"Mutu wa kuaminika!"

"Banafika saa ngapi?"

"Sasa! Banafika sasa! We unangoja nini?"

Merveille alitokea mlangoni. "Baba, na zoezi yangu? Mwalimu alisema mwisho leo."

"Batu banakuya kutuua, we unasema zoezi!"

Koko Anastasie alikuwa amekwisha kufika barabarani. Furushi lake halikufunguliwa tangu vita vya mwaka wa tisini na sita. Kila vita vilivyofuata alilikuta tayari chini ya kitanda. "Leo ni ba nani?" aliuliza majirani waliompita mbio. Hakuna aliyejua. "Ba zamani balikuwa banajulikana," alinung'unika, akaanza kutembea.

Dorothée alichukua sufuria ndogo na nguo za mtoto, akaacha bugali motoni. Merveille alichukua daftari. Papa Nicolas alisimama sebuleni, akatazama redio, akatazama mfuko wa mchele, kisha akang'oa cheti ukutani, fremu na vyote, akakibana kwapani.

Ufukweni ungedhani mji wote umeagana kukutana. Magodoro, mbuzi, baiskeli, sufuria, watoto wanaowaita mama zao na mama wanaowaita watoto kwa majina ya kaka zao. Mitumbwi michache iliyokuwepo ilikuwa inajaa. Upepo wa kusini ulikuwa umeamka na ziwa lilishaanza kufanya meno meupe. Kila mtu pale alikumbuka mtumbwi uliozama safari ile ya Kazimia kwa kujazwa kupita kiasi, na kila mtu alijaribu kutokumbuka. Vijana walimshika Dorothée mikono, wakamwinua pamoja na mtoto, wakamtia ndani ya mtumbwi ambao maji yalishagusa ukingo. Koko Anastasie akarushwa nyuma yake na furushi lake.

Merveille alibaki mchangani. Alimtazama mama yake amekaa kati ya magunia, mkono mmoja umemshika mtoto na mwingine umeshika ukingo, na alitaka kulia kwa nguvu. Karibu naye mama mmoja wa ndagala alikuwa ameinua simu yake juu ili wanaotaka wasikie tena. Sauti ikahema: "...banatembea kilometa ine mu saa moja, na mu njia banapumzika saa moja, njia ni kilometa makumi tatu na sita..."

Machozi ya Merveille yakasimama. Tangu lini watu wa bunduki wanatangaza saa yao ya kupumzika? Alifungua daftari pale pale, upepo ukiligombania, akasoma mstari kwa mstari. Kilometa nne. Saa moja. Thelathini na sita. Akamvuta baba yake shati.

"Baba, ni zoezi ya tatu."

"Nini?"

"Ile habari. Ni hesabu ya mwalimu. Ona." Akamnyooshea daftari. "We ulituma ku nani?"

Papa Nicolas alitazama daftari. Akatoa simu, akatazama ujumbe wake wa asubuhi, ambao ulikuwepo bado, na vialama viwili vya buluu kuthibitisha kwamba umesomwa. Upande wa shavu lililonyolewa ulibadilika rangi. Ule mwingine haukuonekana. Hapo hapo, hatua chache kutoka kwao, mwanamume mmoja aliyebeba mbuzi shingoni alikuwa anasema kwa sauti, "Na kama ni bongo, kama tulidanganywa, ule mwenye alianzisha tutamutosa mu maji na jiwe mu shingo!" Watu wakaitikia kwamba hata mawe mawili.

Papa Nicolas akalisukuma daftari. "Funga ile kaye," alinong'ona.

"Baba, mama iko mu mutumbwi."

"Ngoja nifikiri."

Merveille alishamwona akifikiri asubuhi ile, na hakutaka kungoja jibu. Alipenya katikati ya watu hadi kwa mwalimu Fabien, aliyekuwa amejitwika godoro na kugombania nafasi ya kupanda na wenzake.

"Mwalimu, unakimbia zoezi yako."

Mwalimu alitaka kumkemea. Alisikiliza tena ile sauti inayohema, akakunja uso. "Yangu ilikuwa na batu mia mbili na makumi ine."

"Balizidisha na kumi. Lakini banapumzika tu saa moja."

Naye, akiwa mwalimu kweli, alipiga hesabu kwanza: thelathini na sita kugawa kwa nne, jumlisha moja. Jibu lile lile. Ndipo godoro likamponyoka kichwani. Aliona mbele ya macho yake ofisi ya mradi, kisha ofisi ya usalama, kisha mbuzi na lile jiwe.

"Usiseme kitu," alimwambia Merveille.

"Mama iko mule," Merveille alisema, kwa hasira zaidi kuliko kwa woga. "Kama hamusemi, mi nitasema. Nitasema yote, na nani alituma." Akaanza kupanda juu ya mtumbwi mmoja mbovu uliopinduliwa mchangani.

Hapo ndipo wanaume wawili wa Baraka walipoonyesha mbio ambazo adui hakuwahi kuziona. Mwalimu alimshika Merveille mguu. Papa Nicolas alimpita, akaparamia mtumbwi ule mwenyewe, ndevu nusu, cheti kwapani, mkono juu.

"Bandugu! Bandugu, mutulie! Mi, président wa comité, nimepiga simu na Fizi sasa hivi! Bale batu... barudi nyuma!"

Kelele zikapungua. "Barudi juu ya nini?" aliuliza mwenye mbuzi.

Papa Nicolas akamtazama mwalimu. Mwalimu akatazama chini, kisha akainua kichwa kama mwanafunzi aliyeitwa ghafla ubaoni.

"Balipumzika saa moja," alisema. "Mu ile kupumzika bakafikiri, bakaona heri barudi kwabo."

Mwenye mbuzi akamshusha mbuzi wake mchangani. Halafu mtu mmoja akapiga makofi, na mwingine, na vigelegele vikapasuka ufukwe mzima. Usiwacheke. Tangu asubuhi walikuwa wameamini mambo ya kijinga kuliko hayo, na hili angalau lilikuwa zuri.

Dorothée alishushwa, maji yakimfika kiunoni, mtoto juu ya kichwa. Koko Anastasie aligoma kushuka mpaka ahakikishiwe kwamba vita vimekwisha kabisa kwa siku hiyo. Shemasi Bienfait aliomba sala ndefu, akimshukuru Mungu kwa ajili ya Papa Nicolas, mtumishi aliyejaliwa kuwa wa kwanza kujua habari mbaya na wa kwanza kujua nzuri. Watu wakasema amina. Merveille alikuwa akikamua maji nguoni mwa mama yake. Mwenye mbuzi alimkumbatia Papa Nicolas, akamwambia angemchinjia yule mnyama kama asingekuwa wa mkwewe.

Walirudi kwa nyimbo. Askari wenye silaha waliobaki kuulinda mji walikuwa wameulinda vizuri: kuku wa mtaa mzima hawakupatikana tena, na mlango wa jirani ulikuwa umelindwa hadi ukang'oka. Kwa Papa Nicolas redio ilikuwa imekwenda. Bugali ilikuwa imeungua, imeshikana na sufuria. Dorothée aliikwangua kwa kijiko, mara mbili tatu, kisha akamgeukia binti yake. Alishaliona lile daftari linavyokumbatiwa, na alikuwa mke wa Papa Nicolas kwa miaka mingi. Hakuhitaji kuambiwa mengi.

"Ile hesabu," alisema. "Balikuwa bafike saa ngapi?"

"Saa kumi ya jioni, mama."

Dorothée alitazama jua. Lilikuwa bado karibu na utosi. Akamtazama mumewe.

"Kumbe tulikuwa na wakati ya kula," alisema, akaendelea kukwangua.

Cheti kilikuwa kimelowa jasho la kwapa, wino umetiririka mpaka jina la mwenyekiti likawa doa. Dorothée alikitoa kwenye fremu bila kuuliza, akaifuta fremu kwa kanga, akaenda kwenye sanduku kutafuta picha yake ya harusi.

Nje, watu walikuwa bado wanakuja kumpa Papa Nicolas mkono. Kijana wa mradi alikuwa amepiga simu. Alitaka mwenyekiti asimulie katika semina ijayo jinsi teknolojia ilivyookoa mji. Papa Nicolas alisimama mlangoni, kichwa kimeshaanza kumvimba tena, akieleza namna mtu anavyopaswa kuthibitisha habari kabla ya kuisambaza. Merveille akaja, akasimama mbele yake, akanyoosha kiganja.

"Baba, simu yangu."

"Kesho. Uko unaona batu."

"Niko nabaona," Merveille alisema, na akaongeza sauti kidogo tu. "Acha nibaulize: ile habari ya asubuhi, mutu wa kwanza kuituma..."

Simu ilikuwa mkononi mwake kabla hajamaliza. Ilikuwa ya moto kwa joto la kifua cha baba. Aligeuza akamwona yule mtoto wa kibandiko, amechakaa, anacheka bado. Akaingia sebuleni, akakaa kwenye kiti chenye mto, akaandika jibu lake na namna alivyolipata, mstari kwa mstari, akatuma. Nyuma ya matete simu ya mwalimu ililia. Baada ya muda mfupi ile ya Merveille ikajibu: kumi juu ya kumi. Mwalimu hakuandika neno lingine. Zoezi la nne lilifuata pale pale, na lilikuwa la maembe.

Papa Nicolas aliingia taratibu. Alitazama kiti, akatazama mkeka, akakaa kwenye mkeka karibu na mlango. Nje vigelegele vilisikika tena. Watu wa mtaa wa pili walikuwa wanafika kumpongeza.

"Merveille," alinong'ona. "Na kama banauliza nani alituma? Utasema nini?"

Merveille alikuwa anagawanya maembe. Hakuinua kichwa.

"Baba, niko nasoma. Semina yako ilisema mutoto anatafutiwa nafasi ya kimya."

Papa Nicolas aliwatazama wale waliokuwa wakija kumpongeza. Akanyoosha mkono polepole, bila kuinuka, akausukuma mlango mpaka ukafunga.